Gari Zuri Tabora Halijiuzi

Februari ni mwezi mgumu kuliko yote kwa mwenye yadi ya magari Tabora. Mvua haijakatika. Tumbaku ipo shambani au inakaushwa kwenye mabani, mpunga wa Igunga na Nzega haujavunwa, na mshahara wa mwalimu na muuguzi umeishia kwenye mahitaji ya shule na kodi ya nyumba. Magari yameoshwa na kupangwa vizuri, lakini anayesimama kuuliza bei anauliza ili ajue tu. Hapo ndipo wauzaji wengi hufanya jambo lile lile kila mwaka: wanashusha bei. Laki tano inaondoka wiki ya kwanza, laki tatu nyingine wiki ya tatu, na mwisho dalali anaambiwa alete mtu yeyote mwenye fedha mkononi. Gari linaondoka kwa hasara. Julai mteja anafika na fedha taslimu, analitaka gari la aina ile ile, na halipo.

Nakubali kwamba soko ni gumu. Ninachopinga ni mahali tunapoutafuta ugumu wenyewe. Tabora bei huja nyuma ya mambo mawili mazito zaidi: majira ya fedha kuingia mkononi mwa watu, na hofu ya mnunuzi juu ya kile asichokiona ndani ya gari. Muuzaji asiyeyashughulikia hayo anaweza kupunguza bei mpaka mtaji uishe, na bado asiuze zaidi ya jirani yake.

Kwa upande wa majira, mkoa huu unategemea tumbaku kuliko zao jingine lolote la biashara. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mkulima anaotesha miche wakati wa kiangazi, anaihamishia shambani mvua zikianza, anavuna na kukausha miezi ya mwanzo wa mwaka. Kisha chama cha msingi, yaani AMCOS, hukusanya marobota, klasifaya huyapanga kwa madaraja, na masoko huendelea kuanzia karibu Aprili hadi Agosti au Septemba. Malipo hupitia chama na benki, na mara nyingi huchelewa. Kwa hiyo fedha nene ya mkoa huingia mjini kati ya Juni na Oktoba. Anayeisubiri si mkulima peke yake. Yumo mwenye Fuso anayesomba marobota, mwenye duka la bati, mama anayenunua mpunga kwa jumla, fundi ujenzi, na hata mwenye nyumba ya wageni pale Urambo mjini. Wengi wa wateja wa magari Tabora hawajawahi kulima tumbaku hata robo ekari, lakini wananunua gari pale tumbaku inapolipwa.

Kuna jambo moja hapa ambalo muuzaji wa Dar es Salaam halazimiki kulifikiria. Kwa miaka mingi bei ya tumbaku imekuwa ikipangwa kwa dola, na gari la Japani nalo hununuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikaribia 2,700. Dar es Salaam kilio kilikuwa kimoja: gari limepanda, mshahara wa mteja haujapanda. Tabora hesabu ilikuwa tofauti kidogo, kwa sababu kilo ile ile ya tumbaku ilimletea mkulima shilingi nyingi zaidi. Sipuuzi kwamba pembejeo zake nazo hufuata dola, hivyo sehemu ya nyongeza ile ilirudi kwenye makato. Hata hivyo mfuko wa mteja na bei ya gari vilikwenda upande mmoja, jambo ambalo ni nadra kwa mfanyakazi wa mshahara. Kisha mwishoni mwa 2024 shilingi ikapata nguvu kwa ghafla. Aliyeagiza magari kwa dola ya bei ya juu alijikuta na mzigo ghali, huku mwenzake akishusha bandarini gari la aina ile ile kwa shilingi chache zaidi. Muuzaji wa Tabora anapaswa kuitazama dola siku mbili tofauti: siku anayoilipa Japani, na siku vyama vya msingi vinapolipwa. Anayeitazama siku ya kwanza tu anafanya biashara ya Dar es Salaam akiwa Tabora.

Dalili ya mapema zaidi haipo benki wala bandarini, ipo kwenye mikataba. Kampuni za tumbaku huingia mikataba ya kilo na vyama kabla ya msimu kuanza, kwa hiyo anayetaka kujua atauza magari mangapi mwezi wa 7 aulize mwishoni mwa mwaka uliotangulia ni kilo ngapi zimeandikwa kwenye mikataba ya AMCOS anazozifahamu. Mwaka 2018 kampuni ya TLTC, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, ilifunga shughuli zake nchini. Aliyefuatilia habari ile angeweza kuona mapema kwamba mzunguko wa fedha mkoani utapungua, na kwamba haukuwa wakati wa kujaza yadi. Msimu wa 2022/23 uzalishaji wa nchi ulipanda tena hadi zaidi ya tani 120,000, na ongezeko lile nalo lilitanguliwa na mikataba. Kuagiza gari Japani, kulisafirisha, kulitoa bandarini na kulifikisha Tabora huchukua kama miezi miwili hadi mitatu. Gari la kuuza Julai huagizwa Machi au Aprili. Gari lililoagizwa Septemba kwa sababu "biashara imechangamka" ndilo lile linalokutwa yadini Februari.

Watu wa mji huu wamefanya biashara ya kungoja kwa muda mrefu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857 walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa na makazi hapa. Misafara ilitoka Bagamoyo na vitambaa vya merekani na kaniki, na shanga, juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Ikalipa hongo kwa watemi wa Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, eneo hili la Tabora, kisha ikagawanyika kuelekea Ujiji, Karagwe na kwingineko. Pembe za ndovu zilirudi pwani kwa njia hiyo hiyo. Kwa njia hiyo hiyo pia walipitishwa watu waliotekwa na kuuzwa, na hesabu ya faida ya zama zile isiyowataja ni hesabu ya uongo. Mtaji mwingi ulikuwa wa mkopo. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, alimkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe, na wengine, na deni lilihesabiwa njia ikifunguka au ikifungwa.

Na ilifungwa kweli. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya kwenda Ujiji ikawa haipitiki, na mwandishi Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmishonari Livingstone, akakaa Tabora na Kwihara karibu miezi mitatu kabla ya kuzungukia kusini. Yeye alikuwa na gazeti la New York nyuma yake. Mfanyabiashara mwenye mali ya mkopo hakuwa na gazeti. Mwenye akiba aliweza kungoja amani. Asiye nayo aliuza kwa bei ya yeyote aliyesimama mbele yake. Mwenye yadi wa leo anayeuza Februari kwa sababu mkopeshaji anapiga simu amesimama palepale.

Tupige hesabu ya kungoja, kwa kuwa wengi hawaipigi. Chukua gari lililokugharimu shilingi milioni 15 mpaka kufika Tabora. Ukiwa umekopa benki kwa asilimia 15 kwa mwaka, kila mwezi gari hilo linakula shilingi 187,500 kabla hujalipa mlinzi wala kuchaji betri. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Aprili, miezi sita, ni shilingi 1,125,000. Ukiwa umekopa kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 3.5 kwa mwezi, miezi hiyo hiyo sita ni shilingi 3,150,000. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua. Mwenye mkopo wa benki akiambiwa Februari apunguze milioni moja na nusu, ana sababu ya kukataa na kungoja Juni. Mwenye mkopo wa mtaani akikataa, anajiumiza zaidi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa huyu wa pili hauhusu Februari hata kidogo: asinunue gari Novemba. Mzigo wake uishe Oktoba, na miezi ya mvua afanye kazi ya udalali, spea au gereji, ambayo haihitaji fedha ya mtu mwingine kulala uwanjani.

Kilichobadilika kabisa katika miaka hii ni umbali. Kwa muda mrefu muuzaji wa Tabora alikula faida ya barabara mbovu. Kati ya Itigi na Tabora mvua zikikolea gari dogo lilikuwa halina uhakika wa kufika, na mteja aliona heri kuongeza milioni moja na nusu anunue gari lililokwisha kufika kuliko kulifuata mwenyewe Dar es Salaam. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, kilichojengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait, kilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2022. Lami ya kwenda Nzega ilikwisha kuwapo, na ya Sikonge hadi Mpanda ikakamilika pia. Leo basi linaondoka Dar es Salaam alfajiri na usiku ule ule limefika Tabora. Mwalimu wa Sikonge anaangalia picha za magari kwenye simu, anampigia shemeji yake aliyeko Mbagala akalione, na mwisho wa wiki anapanda basi kwenda na kurudi akiendesha. Reli ya kisasa nayo inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, na kutoka hapa kwenda Isaka na Kigoma. Itakapoanza kubeba mizigo, faida ya umbali itazidi kupungua.

Nawasikia wauzaji wakiilalamikia lami hiyo. Mimi naiona imewavua nguo moja tu, na wamebaki na nyingine iliyo bora. Muuzaji wa Dar es Salaam akikuuzia gari lenye gia boksi bovu, utalijua ukiwa Manyoni, na yeye atakuwa amekwisha kubadilisha namba ya simu. Muuzaji wa Tabora huwezi kumkosa. Utamkuta sokoni, msikitini au kanisani, utamkuta msibani Cheyo au Isevya, watoto wenu wanasoma darasa moja. Kufahamika huko ni mali, nayo wengi wanaiacha ilale bure, wanaenda kushindana na Dar es Salaam kwenye bei, ambako hawawezi kushinda.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe na kwa khanga ni kweli. Kwa gari lililotumika ni kinyume, na mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alieleza sababu yake katika makala ya mwaka 1970 iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Muuzaji analijua gari lake. Mnunuzi hana njia ya kulijua. Kwa kuwa hawezi kutofautisha zima na bovu, mnunuzi anatoa bei ya katikati kwa magari yote. Mwenye gari zima anaona bei ile inamdhulumu, analiondoa sokoni au analiuza kwa ndugu yake. Mwenye gari bovu anaifurahia. Baada ya muda sokoni yamejaa mabovu, wanunuzi wanashusha bei zaidi kwa hofu, na mazima yanazidi kuondoka. Ukishusha bei ya gari zima katika soko la namna hiyo unamtia mnunuzi wasiwasi, maana swali la kwanza atakalojiuliza ni gari hili lina nini.

Hofu ya mnunuzi wa Tabora ina msingi, na ni vizuri kuieleza moja moja kwa uwazi kwa sababu wanaoifahamu zaidi ndio wasioisema. Kilomita hurudishwa nyuma. Injini hufunguliwa, ikafungwa na kupakwa rangi, kisha mteja akaambiwa haijawahi kuguswa. Gari lililolala kwenye mafuriko husafishwa viti na kupelekwa mkoa wa mbali. Lipo pia gari la IT, lililoingia nchini kwa maandishi kwamba linapita kwenda nchi jirani, likaishia njiani bila kulipiwa ushuru. Anayelinunua ananunua kesi. Zipo faini za usalama barabarani, ambazo zimeandikwa kwa namba ya gari na kumngoja mmiliki mpya. Na kuna kadi iliyowekwa rehani. Ukopaji kwa kadi ya gari umeenea mno mijini, na mtu anaweza kukuonyesha gari lake kwa moyo mweupe ilhali kadi halisi ipo kwenye kabati la mkopeshaji.

Lakini lililoumiza watu wengi zaidi, na ambalo ni rahisi kuliko yote kulizuia, ni kutohamisha umiliki. Gari linauzwa kwa karatasi ya makubaliano iliyogongwa muhuri wa wakili au wa serikali ya mtaa, kadi inabaki na jina la zamani, kwa sababu kila mmoja anaona ada ya Mamlaka ya Mapato (TRA) na ushuru wa stempu ni gharama ya bure. Mnunuzi wa kwanza anamuuzia wa pili, wa pili wa tatu. Siku moja mwenye jina kwenye kadi anafariki huko Mbeya. Gari linaingia kwenye mirathi, warithi wanalidai, na mtu wa tatu aliyelipa fedha halali Tabora anaanza safari za mahakamani. Au gari linapata ajali, na polisi wanamtafuta mtu aliyeliuza zamani. Mpaka mwaka 2017 kulikuwa na mzigo mwingine: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilikuwa ikilimbikizwa kwa namba ya gari, na mnunuzi alijikuta akirithi deni. Serikali iliifuta ada ile katika bajeti ya 2017/18 na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Ilikuwa nafuu kubwa kwa soko la magari yaliyotumika, pengine kubwa kuliko iliyokusudiwa. Bado watu hawajaitumia nafuu hiyo kuhamisha majina.

Muuzaji makini akiyajua haya, kazi yake inakuwa kumwondolea mnunuzi hofu kwa ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari bila faili huuzwa kwa bei ya mabovu. Kila gari liwe na faili lake: cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje, chenye namba ya chesisi na kumbukumbu ya kilomita, hati ya ukaguzi, risiti za TRA, na kama gari limetumika hapa nchini, risiti za gereji zinazoonyesha lini lilibadilishwa mafuta ya injini na ya gia boksi, lini mkanda, lini shokomzoba. Orodha ya faini za polisi ichapishwe siku ya mauzo, mbele ya mteja. Umiliki uhamishwe kabla gari halijatoka, na ada yake iwe ndani ya bei ili pasiwe na mjadala. Mfanyabiashara mmoja anaweza kusema huu ni usumbufu. Ni kazi ya siku moja kwa gari, na inalinda bei kuliko punguzo lolote la Februari.

Fundi wa mteja apokewe kwa heshima. Najua yadi ambako fundi akija hupewa "soda" ili afumbe macho, na mteja akija kugundua, mtaa mzima unajua. Mwambie mteja aje na fundi wake asubuhi mapema, kabla injini haijawashwa siku hiyo, kwa sababu injini ya baridi haifichi moshi wala mlio. Mwache aliendeshe kwenye njia ya udongo kuelekea Kwihara, asikie bushi na boljointi. Gari litakalouzwa Tabora halitaishi kwenye lami tu. Wiki ijayo litakwenda Ulyankulu au Usinge. Kisha mpe maandishi: siku 30 kwa injini na gia boksi. Tenga laki tatu kwa kila gari kama akiba ya dhamana hiyo. Ukiwa umeyachagua magari yako vizuri, nyingi ya akiba hizo hazitaguswa, na zikiguswa ni fedha iliyokununulia jina. Muuzaji wa mbali hawezi kutoa dhamana ya namna hii, kwa kuwa mteja wa Kaliua hawezi kumrudishia gari.

Swali la gari gani la kuuza lina jibu linalobadilika mbele ya macho yetu. Japani hulazimisha gari kukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huwafanya wenye magari kuyaachia mapema. Huko ndiko zilikotoka IST, Spacio, Raum na Probox zilizoenea hapa. Kenya imekataza kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania haikukataza, imetoza. Chukua gari dogo lenye injini kati ya cc 1,001 na 2,000, ambalo thamani yake ya forodha ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha asilimia 25 unaifanya milioni 12.5. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5, na gari likiwa limezidi miaka 10, asilimia 30 nyingine kwa ajili ya umri. VAT ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya jumla hiyo yote. Kodi hizo peke yake zinafika karibu shilingi milioni 9.9, bila tozo ndogo. Gari la thamani ile ile lenye miaka kati ya minane na 10 hutozwa asilimia 15 ya umri, na jumla inashuka hadi milioni 7.7.

Sasa angalia IST. Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 2016. Baada ya mwisho wa 2026 hakutakuwa na IST itakayoingia nchini bila kutozwa asilimia 30 ya umri. Spacio na Raum zilikwisha kufika huko siku nyingi. Magari ambayo mafundi wetu wanayajua kwa kugusa, ambayo spea zake zipo hadi kwenye maduka ya wilayani, yanazidi kuwa ghali kuyaagiza, na yanayoweza kuchukua nafasi yake kwa bei ile hayajaonekana wazi. Kwangu hii ina maana kwamba yadi ya Tabora ya miaka mitano ijayo itaishi zaidi kwa magari yaliyokwisha kusajiliwa nchini, yale ya namba D na namba E, kuliko yale yanayotoka melini. Gari la namna hiyo bila historia ni bahati nasibu. Likiwa na faili kamili na mmiliki mmoja aliyehama kikazi, ni mali ambayo hata mteja wa Shinyanga atakuja kuifuata.

Noah na Probox bado zina soko kwa wenye mchomoko, wanaobeba abiria kati ya mji na vijiji. Hao hupiga hesabu ya siku kwa siku na hawasubiri msimu sana. Canter na Fuso hufuata mazao. Magari ya Ulaya ya kifahari nisingeshauri mtu ayalete hapa kwa mtaji wa mkopo, kwa sababu mashine ya kuyapima na spea zake ziko mbali, na likikwama linakwama kweli.

Limebaki suala la kumkopesha mkulima, ambalo kila mwaka linajaribiwa na kila mwaka linaumiza mtu. Mkulima anakuja Machi, anaonyesha mabani yamejaa, anatoa nusu ya bei na kuahidi nusu baada ya soko. Wazo lenyewe ni zuri, linalingana na maisha ya hapa kuliko marejesho ya kila mwezi yaliyoundwa kwa mtu wa mshahara, na nadhani wauzaji wanapaswa kulitumia zaidi. Kosa huwa kwenye kupima. Muuzaji anatazama tumbaku iliyovunwa, wakati kinachomfikia mkulima ni kile kilichobaki baada ya mbolea, magunia, ushuru na mkopo wa chama. Na mikopo ya vyama mara nyingi imebebwa kwa pamoja, kwa hiyo mwenzake akishindwa kulipa, yeye naye anakatwa. Kabla ya kuandika mkataba mwombe mkulima hati ya malipo ya msimu uliopita, ile inayoonyesha kilo alizouza na makato yote, kisha nenda naye kwa katibu wa AMCOS mkaulize deni la chama kwa msimu huu limefikia wapi. Baki ya bei isizidi nusu ya kile alichobakiwa nacho mwaka jana. Kadi iandikwe jina la mkulima, na haki yako juu ya gari iandikwe ndani ya mkataba uliosainiwa mbele ya wakili na mke wake au mumewe, kwa kuwa gari ni mali ya nyumba. Tarehe ya malipo isiwe 30 Juni wala tarehe nyingine ya kwenye kalenda. Iwe siku 14 baada ya chama kulipwa.